Semina za utafiti vyuoni Dodoma (nishati, kompyuta, mawasiliano yasiyo na waya): vipimo vya hapa kwetu viko wapi?

Fundi_Nkuhungu:

Wakuu, salamu kwenu nyote.

Mimi ni fundi wa umeme jua hapa Dodoma. Nafunga paneli majumbani, kwenye visima na kwenye zahanati, Bahi, Chamwino hadi Kongwa. Nikipata nafasi huwa nahudhuria semina za utafiti za vyuo vya hapa mjini, hasa zile za nishati endelevu, kompyuta na mawasiliano yasiyo na waya. Sijawahi kuzuiwa mlangoni, na nawashukuru wahadhiri wanaotupokea sisi watu wa bisibisi na spana. Nimejifunza mengi mle ndani ambayo hakuna fundi angenifundisha.

Kinachoniuma ni hiki. Kazi nyingi zinazowasilishwa zimefanyika Dodoma, lakini ndani yake hamna kipimo hata kimoja kilichochukuliwa Dodoma. Jua limepakuliwa kutoka kanzidata ya satelaiti. Matumizi ya umeme ya kijiji yamenakiliwa kwenye makala ya bara jingine. Mawimbi yamesafirishwa kwenye fomula ya anga tupu, hakuna mbuyu, hakuna kilima, hakuna bati. Vumbi halitajwi kabisa. Mtu anaonyesha grafu safi, tunapiga makofi, tunatawanyika, na mimi kesho yake nipo juu ya paa Bahi nikitazama kitu ambacho ile grafu haikukiona.

Simlaumu mwanafunzi, na wala sisemi kuigiza mfumo kwenye kompyuta ni kazi bure. Kuna mambo huwezi kuyajaribu bila kuigiza kwanza. Lakini lazima pafike mahali ule mfano wa kompyuta ukutane na paa halisi.

Nitoe mifano ninayoifahamu kwa mikono yangu.

Miongozo mingi ya kufunga paneli iliyoko mtandaoni imeandikwa Ulaya, na inasema paneli itazame kusini. Kwao ni sahihi. Sisi tuko kama nyuzi 6 kusini mwa ikweta, jua linapita juu ya utosi wetu mapema Machi na tena karibu tarehe 9 Oktoba, na kwa sehemu kubwa zaidi ya mwaka, ukiwemo msimu wote wa baridi, lipo upande wa kaskazini. Kwa hiyo hapa paneli inatazama kaskazini, mlalo mdogo tu. Ukifuata hesabu peke yake utailaza nyuzi 6. Mafundi wengi tunapandisha hadi 10 au 15, kwa sababu paneli iliyolala sana haijisafishi mvua inaponyesha, tope linaganda ukingoni mwa chini, na ukingo ule ukifunikwa, seli chache tu zinaweza kuangusha sehemu kubwa ya umeme wa paneli nzima. Sasa kati ya 10 na 15 ipi bora kwa vumbi la Dodoma? Sijaona mtu aliyepima.

Joto nalo. Namba iliyoandikwa nyuma ya paneli imepimwa maabara, mwanga wa wati 1,000 kwa mita ya mraba na seli zikiwa na nyuzi joto 25. Juu ya bati la Dodoma saa saba mchana mwezi wa kumi, seli inafika nyuzi 60 bila shida. Paneli za kawaida zinapoteza karibu asilimia 0.4 kwa kila nyuzi inayozidi 25. Hiyo ni nyuzi 35 za ziada, yaani asilimia 14 imekwenda kabla hujazungumzia vumbi wala waya mwembamba. Ndiyo maana nang'ang'ania kuacha nafasi ya hewa kati ya paneli na bati, hata mteja akilalamika kuwa haipendezi.

Na vumbi: kuanzia Mei hadi Novemba hapa mvua ni kama hakuna. Zaidi ya miezi sita paneli inakusanya tu. Mimi nasema kwa macho kwamba baada ya wiki kadhaa umeme unashuka sana. Lakini "sana" ni asilimia ngapi? Mteja akiniuliza asafishe kila baada ya siku ngapi, na maji yenyewe ni ya kununua ndoo, namjibu kwa uzoefu tu. Swali hilo ni la utafiti kabisa, na jibu lake haliko kwenye satelaiti yoyote.

Tuna Chuo Kikuu cha Dodoma tangu 2007, chenye ndaki nzima ya kompyuta, CIVE. Tuna St John's, tuna Chuo cha Mipango. Serikali Mtandao, e-GA, nao wana kituo chao cha utafiti na ubunifu hapa hapa. Watu wapo. Ombi langu ni dogo: kila kazi inayopanda mbele ya semina iwe na angalau kipimo kimoja cha hapa, hata kama ni cha wiki mbili, hata kama kimetoka kwenye mita ya mkononi. Na watu wenye shida yenyewe wapewe kiti na muda wa kuuliza.

Naomba kuwasilisha. Karibuni tujadili.

---

Kijana_Ngongona:

Mkuu Fundi, heshima yako. Mimi nasoma shahada ya umahiri hapa, nimepanga Ng'ong'ona. Umegusa mahali panapouma na sitabisha kwa ajili ya kubisha tu.

Ila tazama na upande wetu. Kifaa cha kupima mwanga wa jua kinachokubalika kwenye majarida ni bei ambayo posho yangu haiwezi kuigusa. Kipo kimoja idarani, kinagombewa. Muda wa utafiti wenyewe, ukitoa kuandika pendekezo na kusubiri kamati, unabaki miezi michache, na unaweza kuangukia masika yote. Halafu wakaguzi wa majarida wanataka data ya mwaka mzima. Kwa hiyo mtu anapakua data ya satelaiti ya miaka kumi, anamaliza, anahitimu. Si uvivu. Mfumo unamsukuma huko.

Nikuulize kwa nia njema: ungekuwa wewe ndiye mimi, bila hela ya kifaa, ungepima nini?

---

Fundi_Nkuhungu:

Mdogo wangu, asante kwa kuuliza badala ya kununa.

Ningechukua paneli mbili ndogo za aina moja, za wati 10 au 20, zile za kuchajia simu. Ningezifunga kando kwa kando, pembe moja, paa moja. Moja naipangusa kila asubuhi kwa kitambaa chenye unyevu, nyingine siigusi. Kila siku saa sita na nusu mchana napima ampea za kila moja ikiwa imefungwa mzunguko mfupi, kwa multimita ya kawaida. Ampea hizo zinapanda na kushuka sambamba na mwanga unaofika kwenye seli. Kwa hiyo ile safi ndiyo kifaa chako cha kupima mwanga, na ukigawanya ya chafu kwa ya safi unapata hasara ya vumbi, bila kujali kama leo kuna wingu au hakuna.

Kabla ya kuanza, zipime zote zikiwa safi kwa siku kadhaa, uone tofauti yao ya kuzaliwa, maana paneli mbili za kiwanda kimoja hazilingani kabisa. Bila hilo mtu wa kwanza kuuliza swali kwenye semina atakuangusha.

Halitakuwa jarida la Ulaya. Lakini utasimama mbele ya watu useme: "Ng'ong'ona, kuanzia Juni hadi Septemba, vumbi limekula asilimia kadhaa kwa wiki." Mimi hapo nitakuja na daftari. Na wenzangu nitawaleta.

---

Masafa_Mlimwa:

Wakuu, uzi mzuri huu. Mimi ni wa upande wa mawimbi, nimefanya kazi za minara miaka mingi. Niongezee, maana hili la vipimo vya hapa kwetu linauma zaidi kwenye mawasiliano kuliko hata kwenye jua.

Siku hizi kila semina lazima utaona mtu na LoRa, ile redio ndogo ya vihisi. Ni sawa, ni teknolojia inayotufaa: data kidogo, umbali mrefu, betri ndogo. Mtu anaweka kihisi kwenye tenki la maji, kwenye shamba la zabibu la Hombolo au Makutupora, data inafika kilomita kadhaa bila laini ya simu wala bando. Kwenye karatasi ya mtengenezaji imeandikwa kilomita 15. Mwanafunzi anaandika kilomita 15 naye.

Hizo 15 ni za mahali ambapo antena mbili zinaonana waziwazi. Na kuonana kwenyewe hakutoshi. Mawimbi hayapiti kama uzi ulionyooshwa, yanahitaji uwazi mnene kuzunguka ule mstari, na uwazi huo hunenepa katikati ya safari. Kwa masafa ya megahezi 868 na umbali wa kilomita 5, nusu kipenyo cha uwazi huo katikati ni karibu mita 21. Ukitaka mawasiliano ya kuaminika, angalau asilimia 60 ya hapo iwe wazi, yaani mita 12 na ushee juu ya kila kitu kilicho katikati. Sasa antena yako iko kwenye nguzo ya mita 3 Chamwino, katikati kuna miti na vilima vya mawe. Unategemea nini?

Kwenye anga tupu, umbali ukiongezeka mara mbili unapoteza desibeli 6. Hiyo ndiyo fomula yao. Kwenye pori la miiba na nyumba za bati unapoteza zaidi ya hapo, na ni kiasi gani zaidi hakuna fomula itakayokwambia mpaka utembee na kipokezi. Kinachotakiwa ni mtu achukue pikipiki, kisambaza mawimbi kiwe juu ya jengo refu au kwenye mteremko wa Mlimwa, azunguke Nkuhungu, Kizota, Ihumwa, Hombolo, aandike nguvu ya ishara na mahali alipo. Arudie wakati wa masika majani yakiwa mabichi, maana majani yenye maji hunywa mawimbi. Ramani hiyo moja ingewafaa wanafunzi wote watakaofuata.

Angalizo kwa vijana: kabla hujawasha chochote, uliza TCRA, mamlaka ya mawasiliano, masafa gani yanaruhusiwa bila leseni na kwa nguvu kiasi gani. Moduli nyingi zinazouzwa mtandaoni zimetengenezwa kwa soko la Marekani kwenye 915 na zinasambaza bila kukuuliza.

---

Mama_wa_Sabasaba:

Habari zenu jamani. Mimi sina shahada, nina mgahawa karibu na soko la Sabasaba. Mwanangu ndiye kanionyesha uzi huu.

Mnaongea paneli na antena, mimi nataka kuuliza nishati ya kupikia. Serikali imetoa mkakati wa nishati safi ya kupikia wa 2024 hadi 2034, wanasema ifikapo 2034 asilimia 80 ya Watanzania tuwe tunapikia nishati safi. Ni jambo jema, moshi umetumaliza macho. Lakini mimi napika maharage debe, napika makande, ugali wa watu wengi. Nikienda kwenye hizo semina zenu, kuna mtu aliyepima sufuria la mgahawa linakula umeme kiasi gani ukilinganisha na gunia la mkaa? Au wote mmepima jiko la watu wanne?

---

Fundi_Nkuhungu:

Mama, shikamoo. Swali lako ndilo hasa nililotaka lije hapa.

Kwa nyumba ya kawaida, vipimo vilivyofanyika nchini vimeonyesha kuwa sufuria la umeme la presha linaivisha maharage ya familia kwa yuniti nusu hivi au chini yake. Kwa mteja mdogo wa TANESCO anayelipa shilingi 100 kwa yuniti kabla ya tozo na kodi, mkaa haufui dafu hapo. Lakini mgahawa hauko kwenye kundi la yuniti 75 kwa mwezi. Ukivuka hapo bei ya yuniti inapanda karibu mara tatu, na hesabu inabadilika kabisa. Sufuria za presha za dukani nazo ni za lita sita au nane, wewe unapika la lita hamsini.

Kwa hiyo sina jibu la mgahawa, na sijaona semina iliyolitoa. Kuna kidude kidogo cha kuchomeka kwenye soketi, kinahesabu yuniti. Mwanafunzi akija na hicho na mzani wa kupimia mkaa, akakaa jikoni kwako kutoka alfajiri hadi jioni, anaandika kila chungu, huo ni utafiti kamili. Utamruhusu?

---

Mama_wa_Sabasaba:

Marahaba mwanangu. Aje. Ila aje na aproni, na asinisimamie mlangoni saa saba wateja wakiwa wengi.

---

Kompyuta_Iyumbu:

Wakuu, nami niingie. Nafundisha programu, na nimesimamia semina kadhaa, kwa hiyo baadhi ya lawama hizi zinanihusu na nazipokea.

Nataka kuonyesha kwa nini nishati, kompyuta na mawasiliano havipaswi kukaa kwenye vyumba vitatu. Chukua kihisi alichokitaja Masafa, kile cha tenki la maji, tuseme kiko Bahi. Kinaendeshwa na betri ya miliampea-saa 2,400. Kikiwa kimelala kinakula mikroampea 10. Kikituma kwa mwendo wa polepole kabisa wa LoRa, ule wa kufika mbali, kila ujumbe unachukua kama sekunde moja na nusu kwa miliampea 40.

Tuseme kinatuma kila baada ya dakika 15. Ni mara 96 kwa siku, sekunde 144 za kusambaza, sawa na miliampea-saa 1.6. Usingizi unakula 0.24. Jumla 1.84 kwa siku. Betri inafika miaka mitatu na nusu kwenye karatasi.

Sasa mwambie kihisi kifikiri kidogo kabla ya kusema. Kilinganishe kina cha maji cha sasa na cha mwisho kilichotumwa, na kitume pale tu maji yamepanda au kushuka kwa kiasi cha maana. Tuseme zinabaki jumbe 10 kwa siku. Matumizi ya kutuma yanashuka hadi 0.17, jumla 0.41, na betri kwenye karatasi inafika miaka kumi na sita. Haitafika huko kweli, itazeeka yenyewe kabla. Lakini umeona kilichotokea: mistari michache ya programu imefanya kazi ambayo betri kubwa zaidi isingeifanya. Kukokotoa kwa chipu hizi ni rahisi sana ukilinganisha na kurusha neno hewani.

Mtu wa nishati peke yake angeongeza paneli. Mtu wa mawimbi angeongeza antena. Mtu wa programu angeandika msimbo mzuri bila kujua kwamba ni redio ndiyo inayomaliza betri. Wakikaa pamoja jibu linatoka mchana huo huo.

Na mtu wa nne anahitajika, ambaye ni mlinzi wa pampu. Maana kihisi kikikaa kimya siku nzima, je, maji hayajabadilika au kihisi kimekufa? Yeye ndiye atakayekwambia kwamba kimya kinamtisha, kwa hiyo lazima kiwepo angalau ujumbe mmoja kwa siku wa kusema nipo hai. Mwanafunzi wa mjini hawazi hilo, kwa sababu hajawahi kusubiri maji.

---

Masafa_Mlimwa:

Hapo umenena, mwalimu. Na kuna faida ya pili hukuitaja. Kwenye mitandao mingi ya LoRa vihisi havisubiriani zamu, kila kimoja kinatuma kinapotaka. Mbinu hiyo ni ya zamani, ilianzia Chuo Kikuu cha Hawaii mwaka 1971, mfumo wa ALOHA wa Norman Abramson. Hesabu yake inajulikana: ukiachia watu waongee ovyo namna hiyo, kilele cha matumizi ya njia ni asilimia 18.4 tu, na mbele ya hapo jumbe zinagongana, zinarudiwa, zinazidi kugongana. Vihisi vikiwa vichache huoni tatizo. Vikiwa mia kadhaa kwenye kata moja, kila ujumbe usio wa lazima unaoupunguza unamwachia jirani nafasi.

Halafu angalieni historia yenyewe. Wale wa Hawaii walikuwa na shida yao: chuo kimetawanyika visiwani, kompyuta iko Honolulu, nyaya za simu mbovu na ghali. Hawakuiga suluhisho la bara. Walipima shida yao, wakatumia redio. Baadaye Ethernet ilizaliwa kutokana na fikra hiyo, na Wi-Fi tunayotumia kuandika hapa ni ndugu yake. Shida yao ya visiwani iliwapa kitu ambacho dunia nzima ilikihitaji. Vijiji vyetu vimetawanyika kwenye nyika kama vile visiwa vyao. Sioni kwa nini isiwezekane hapa.

---

Mzee_wa_Kongwa:

Wanangu, nimewasoma kimya. Naandika kutoka Kongwa.

Huku kwetu kuna somo la kutopima. Mwaka 1947 Waingereza walianza mradi mkubwa wa karanga hapa. Walikuwa na hela, matrekta, wataalamu. Lakini waliokuja kukagua kabla ya mradi walizunguka wiki chache tu, wakaandika ripoti. Hawakuijua ardhi hii ambayo kiangazi hukauka ikawa ngumu kama saruji, wala mvua hii isiyotabirika. Majembe yalivunjika. Karanga zilishindwa kutoka ardhini. Mwaka 1951 wakauacha. Wazee wetu waliokuwa wakilima hapa mtama na uwele wangewaambia yote hayo bure, siku ya kwanza, chini ya mti.

Naunga mkono fundi. Na nauliza: hizo semina mtu wa Kongwa anajuaje kwamba zipo? Matangazo yanabandikwa ubao wa chuoni.

---

Fundi_Nkuhungu:

Mzee wangu, shikamoo. Hilo la matangazo ni kweli tupu. Mimi nazijua kwa sababu nina wateja wahadhiri. Redio za hapa Dodoma zipo, ofisi za kata zipo, makundi ya WhatsApp ya jumuiya za watumia maji yapo. Tangazo la mistari mitatu kwa Kiswahili, likisema mada ni nini na nani anahitajika aje, lingetosha.

Na lugha yenyewe, wakuu. Najua tasnifu inaandikwa kwa Kiingereza na sitaki kufungua ubishi huo hapa. Lakini kipindi cha maswali kingeachwa huru. Nimeona mtu wa pampu mwenye majibu yote amekaa kimya saa nzima.

Turudi kwenye pampu, maana nimeona wengi mnaipenda. Kuinua maji lita elfu moja kwa mita 100 kunahitaji yuniti 0.27 kama hakuna kinachopotea. Kisima cha kijiji chenye mwinuko wa mita 80, kinachotoa lita 50,000 kwa siku, kinahitaji karibu yuniti 11. Pampu na mota pamoja vikiwa na ufanisi wa nusu, ni yuniti 22. Dodoma unaweza kutegemea saa tano za jua kamili kwa siku (mwanga wa siku nzima ukiukusanya kwa kile kipimo cha maabara cha wati 1,000), ukatoa asilimia 20 ya joto, vumbi na nyaya. Unafika kilowati 5.5 za paneli. Hesabu hii fundi yeyote anaijua.

Asichokijua ni kama ile asilimia 20 ni kweli mwezi wa Septemba. Kama ni 35, kijiji kinakosa maji wakati ule ule maji yanahitajika kuliko wakati wote, na fundi anaitwa mwizi. Betri si jibu hapo. Mara nyingi simtanki moja zaidi ni nafuu kuliko betri, kwa sababu maji yaliyo juu ya mnara ndiyo umeme uliokwisha kuhifadhiwa. Lakini ukubwa wa tenki nao unategemea siku ngapi mfululizo za mawingu tunapata Januari, na hapo tena narudi palepale: nani amehesabu?

---

Kijana_Ngongona:

Mkuu, siku za mawingu mfululizo naweza kuzihesabu kwa data ya satelaiti niliyonayo tayari, ya miaka kumi. Kwa hilo satelaiti inatosha kabisa. Nitaleta hapa.

Swali kwa mwalimu wa Iyumbu: mbona hatuzungumzii umeme unaoliwa na kompyuta zenyewe? Kila mtu kwenye semina anataka kufundisha mfano mkubwa wa akili unde.

---

Kompyuta_Iyumbu:

Kijana, swali zuri. Shirika la Kimataifa la Nishati, IEA, lilikadiria kuwa vituo vya data duniani vilitumia saa-terawati 415 mwaka 2024, karibu asilimia 1.5 ya umeme wote. Kupata picha: Bwawa la Julius Nyerere lina mitambo 9 ya megawati 235, jumla 2,115. Ikizunguka yote mwaka mzima bila kupumzika hata saa moja inatoa kama 18.5. Vituo vya data vinakula zaidi ya mara 22 ya hapo.

Kwa hiyo mwanafunzi akileta mfano wa kutambua ugonjwa wa majani ya mzabibu, swali langu la kwanza siku hizi si usahihi wake ni asilimia ngapi. Namuuliza: unaendeshwa wapi, kwa umeme wa nani, na mkulima wa Hombolo akiwa hana bando unafanya kazi? Mfano mdogo unaokaa ndani ya simu yake, usiotuma picha kokote, una thamani kubwa kwangu kuliko mkubwa unaoishi ng'ambo. Na picha za kuufundishia zipigwe Hombolo, kwenye mwanga huu na vumbi hili juu ya jani.

---

Mwalimu_Kondoa:

Naomba kuchangia jambo moja tu. Hata vipimo vikichukuliwa, vinakwenda wapi? Nilimsaidia mwanafunzi mmoja kupima mvua na joto shuleni kwetu, watoto waliandika kila siku kwa moyo sana. Akahitimu, laptopu yake ikaondoka na data yote. Watoto waliniuliza matokeo, sikuwa na la kuwaambia.

Nashauri semina iwe na sharti: unayewasilisha unaacha faili la vipimo vyako maktaba ya chuo, likiwa na maelezo ya mahali, saa, kifaa na nani alipima. Mwenzako wa mwaka kesho aendeleze. Miezi mitatu ya mmoja na mitatu ya mwingine ndiyo itakayofikisha ule mwaka mzima ambao wakaguzi wa majarida wanautaka.

---

Kijana_Ngongona:

Mwalimu, hilo limenigusa. Nimezungumza na wenzangu wawili hapa bweni la jirani, mmoja wa mawasiliano na mmoja wa takwimu. Tunataka kuanza na paneli mbili za Fundi. Mwenye nyumba wangu ameruhusu paa. Wa mawasiliano atafunga kihisi kitume ampea chenyewe, lakini kwa mwezi wa kwanza tutapima na kwa mkono pia, tulinganishe.

Fundi, pembe tuweke ngapi? Na tufunge jozi moja au mbili?

---

Fundi_Nkuhungu:

Fungeni jozi mbili kama mnaweza. Moja nyuzi 10, nyingine 15, zote zitazame kaskazini halisi, si kaskazini ya dira ya simu iliyowekwa juu ya bati, maana bati linaipotosha. Tumieni kivuli cha kijiti kilichosimama wima: weka alama ncha ya kivuli kila dakika chache katikati ya mchana, pale kinapokuwa kifupi kuliko vyote ndipo mstari wa kaskazini na kusini ulipo. Kivuli kinaweza kuwa kifupi sana kutegemea mwezi, kwa hiyo chukueni kijiti kirefu.

Paneli nne za wati 20 ninazo dukani, nitawaazima hadi mvua zitakapoanza. Multimita mje na yenu, na mpime kwa moja hiyo hiyo siku zote. Kuna zahanati nitaifunga wiki ijayo upande wa Bahi, vumbi la kule ni tofauti na la Ng'ong'ona. Nitamuomba mganga mfawidhi ruhusa ya kuweka jozi ya tatu. Akikubali, nitahitaji mtu mmoja wa kule wa kupangusa ile safi kila asubuhi, na tumlipe.

---

Masafa_Mlimwa:

Mkifika hatua ya kihisi kutuma, nitafuteni kabla hamjapandisha antena. Pikipiki ninayo.